Sindano, Waya na Mkono: Kuchagua Katriji ya Santuri

Muulize mwenye pleya ya santuri kwa nini alinunua katriji aliyo nayo, atakujibu kwamba sauti yake ni tamu, au nzito, au haina ukali. Majibu hayo si ya kupuuzwa, maana anayesikiliza ndiye anayelipa. Ila sehemu kubwa ya hicho kinachoitwa ladha ya katriji haitokani na jina lililochapwa juu yake. Inatokana na umbo la ncha ya almasi, na waya unaokwenda kwenye amplifaya, na mkono unaoibeba. Yote matatu yanahesabika kabla hujatoa pesa.

Tuanze na ncha, na mfano ulio wazi kuliko yote ni VM95 ya Audio-Technica. Mwili wake ni mmoja na koili ni zilezile, lakini unapokea sindano sita tofauti, kuanzia ile ya bei rahisi yenye ncha ya mviringo (C), kupita ya duaradufu (E), hadi ML iliyochongwa nyembamba sana. Ukitaka kujua ncha inafanya nini, hapa umepewa jaribio tayari: chomoa moja, chomeka nyingine, rudia wimbo uleule.

Rudia wimbo gani? Wa mwisho upande wowote. Santuri ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mduara unazidi kupungua. Pembeni kabisa, sentimita 14.6 kutoka katikati, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 kwa sekunde. Ukifika sentimita 6 kutoka katikati, kasi imeshuka hadi 21. Wimbi la sauti ya hezi 10,000, mahali palipo na matoazi na herufi s za mwimbaji, lilikuwa limejinyoosha kwenye mikroni 51. Sasa limebanwa kwenye mikroni 21. Ncha ya C ina nusu kipenyo cha mikroni 15 hivi. Haitoshei kwenye kona za wimbi hilo, kwa hiyo inapita juu juu na kila s inageuka mkwaruzo. Ubavu wa E ni mikroni 8 kasoro kidogo, wa ML ni 3.

Kwa hiyo msikilizaji wa albamu, hasa mpenzi wa sauti za wanawake na vinanda, atapata faida kubwa kwa kulipia ncha kuliko kwa kubadili kampuni. Mwenye masanduku ya santuri ndogo za 45 ana hesabu nyingine. Kasi ya mzunguko ni kubwa zaidi, na hata karibu na lebo mfuo bado unakwenda sentimita 25 hivi kwa sekunde. Ncha ya mviringo itamfaa, na haitamwonyesha kila mchubuko. Ingawa kuna kitu cha kuchekesha hapa: santuri iliyolimwa miaka mingi na sindano nzito za zamani wakati mwingine hufufuka chini ya ML, kwa sababu ncha hiyo hugusa ukuta mahali ambapo zile za zamani hazikufika. Jaribu kabla ya kutupa.

Ladha ya pili ni ya waya, na hapa ndipo katriji nzuri nyingi hulaumiwa bure. Koili za VM95 zina induktansi ya milihenri 550. Zikiunganishwa na kapasitansi ya waya pamoja na ya amplifaya, hutengeneza mwangwi wa umeme: masafa fulani yanapanda, na yaliyo juu yake yanaporomoka. Kwa pikofaradi 200 jumla, mwangwi huo uko karibu na hezi 15,000. Weka waya mrefu, amplifaya nayo ichangie yake, jumla ifike 400, mwangwi unashuka hadi 10,700 hivi, palepale kwenye s na matoazi. Sauti inakuwa kali, kisha juu yake hakuna kitu. Mwenyewe anasema katriji ina kelele, anaiuza. Kiwanda kiliandika 100 hadi 200 kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi.

Katriji za koili inayocheza hazina shida hiyo. Denon DL-103, iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, ina koili ndogo za omu 40, na waya wa kawaida hauigusi. Lakini hutoa milivolti 0.3 tu dhidi ya 4 za VM95E, kwa hiyo utahitaji amplifaya yenye nguvu ya ziada mara 13. Na ncha yake? Ya mviringo. Wanaoisifu kwa utamu wanasifu, kwa sehemu, kile ambacho ncha hiyo haisomi. Mimi sioni ubaya. Ni ladha halali, mradi uijue inakotoka.

Mkono nitaupitia haraka. Zidisha uzito wote unaocheza (mkono, katriji, skrubu) kwa ulegevu wa sindano, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo; utapata masafa ya mwangwi wa mkono wenyewe. Gramu 19 na ulegevu wa 13 hutoa hezi 10, na hapo kati ya 8 na 12 ndipo unapotaka kuwa. Ukishuka hadi 5, santuri iliyopindwa na joto itaurusha mkono. Jihadhari tu: viwanda vya Japani mara nyingi hupima ulegevu kwa hezi 100, na namba hiyo huongezwa karibu mara mbili kabla ya kuingizwa kwenye hesabu.

Wenye santuri za 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia 1928, wasihangaike na lolote kati ya haya kabla ya kupata sindano ya mikroni 76. Ya kawaida huzama chini ya mfuo na kuchota uchafu. Na kwa karibu santuri zote za mono, 78 au 45, muziki uko kwenye mwendo wa kushoto na kulia pekee. Mwendo wa juu na chini ni kelele tupu. Kitufe cha mono kwenye amplifaya huifuta sehemu kubwa ya kelele hiyo bila gharama. Kama hakipo, fundi wa redio yeyote atakuunganishia waya unaokutanisha chaneli mbili kisha kuzitenganisha tena.