Nani Aliyeichukua Filimbi? Muziki, Maajabu na Hatima ya Mahadhi katika Riwaya ya The New Policeman

Ikisiri
Makala haya yanahakiki riwaya ya watoto ya Kate Thompson, The New Policeman (2005), ambamo kijana mpiga muziki anaingia nchi isiyopitiwa na wakati. Tunahoji kwamba riwaya hii inauweka mahakamani woga wa watu wazima dhidi ya muziki, na kwamba mfasiri wa Kiswahili anaweza kuiamua kesi hiyo vibaya kwa mambo mawili: kwa neno atakalolichagua kuyataja maajabu, na kwa namna atakavyozishughulikia noti. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kwa watunga sera za vitabu vya watoto.

1.0 Utangulizi
Kitabu cha watoto kinachopendekezwa kutafsiriwa kwa Kiswahili hupimwa zaidi kwa vigezo viwili: msamiati unaolingana na umri wa msomaji, na maudhui yasiyopingana na maadili. Riwaya ya Thompson inatulazimu kuongeza kigezo cha tatu, nacho ni sauti. Kazi hii ilitunukiwa mwaka 2005 tuzo ya Guardian ya fasihi ya watoto pamoja na tuzo ya Whitbread katika kitengo cha watoto, na ikafuatiwa na riwaya mbili, The Last of the High Kings (2007) na The White Horse Trick (2009). Sifa hizo hazitoshi kuihalalisha kwa msomaji wetu. Tuitazame yenyewe.

2.0 Muziki kama kumbukumbu
Mandhari ni Kinvara, mji mdogo wa pwani katika Kaunti ya Galway, magharibi mwa Ireland. J.J. Liddy, kijana wa miaka 15, ametoka katika ukoo ambao nyumba yake imekuwa ukumbi wa dansi kwa vizazi kadhaa. Mama yake, Helen, anapoulizwa angependa zawadi gani ya siku ya kuzaliwa, anajibu kwamba anataka wakati. Jibu hilo si mzaha. Mji mzima unalalamika kwamba siku hazitoshi. J.J. anakwenda kuutafuta wakati, na safari inamfikisha Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele katika visasili vya Kiairishi. Huko jua halikupaswa kusogea, lakini limeanza kusogea. Wakati unavuja kutoka kwetu kwenda kwao.

Maajabu haya yasingekuwa na uzito bila muziki. Katika riwaya hii, nyimbo za dansi zinapita kati ya dunia mbili kwa wepesi kuliko watu. Mpigaji hazimiliki, anazipokea na kuzipitisha. Ndiyo maana kila sura inafungwa kwa noti za wimbo mmoja, na jina la wimbo huo mara nyingi linaitolea maoni sura iliyotangulia. Msomaji mwenye ala anaweza kukiweka kitabu mezani na kuupiga. Kwa hiyo noti si pambo la ukurasa. Ni sehemu ya usimulizi, sawa na mazungumzo ya wahusika.

3.0 Kasisi, filimbi na neno “uchawi”
Kiini cha mgogoro ni tuhuma ya zamani. Inasemekana mjini kwamba babu yake Helen alimuua kasisi aliyeichukua filimbi yake. J.J. anaposimuliwa habari hii anaona aibu hata kulikataa jina la ukoo wake. Mwandishi anategemea historia halisi. Mwaka 1935 Ireland ilitunga sheria ya kumbi za dansi iliyohitaji leseni kwa dansi za hadhara, na viongozi wa dini pamoja na polisi waliitumia pia kuzibana dansi za majumbani. Kasisi wa riwaya anazaliwa katika mazingira hayo: kwake, muziki ni mlango wa nguvu zisizo za Mungu.

Hapa ndipo lugha yetu inapoingia. Neno la haraka la kuyataja maajabu ya riwaya kama hii ni “uchawi”. Lakini uchawi kwa Kiswahili hauna upande mwema: mchawi huroga, hudhuru, huogopwa. Mfasiri anayeandika kwamba J.J. aliingia “nchi ya uchawi” amekwisha kumpa kasisi ushindi kabla ya shauri kusikilizwa. “Mazingaombwe” nayo yanaufanya muziki uwe kiinimacho cha kuwahadaa watazamaji. “Maajabu” ndilo neno linaloliacha swali wazi, na riwaya inahitaji libaki wazi hadi mwisho.

4.0 Udhaifu wa utatuzi
Mwisho wenyewe una kasoro. Inabainika kwamba wakati unavujia kwenye filimbi ileile, iliyochomekwa katika mpaka wa dunia mbili kwa mkono wa kasisi. Tundu likizibwa, mambo yanatengemaa. Kifani, utatuzi huu ni nadhifu. Kifikra, unalikwepa swali la Helen. Mji ulikosa wakati kwa sababu ambazo mtoto yeyote anaziona nyumbani kwake: kazi, ratiba, haraka. Kumbebesha mtu mmoja aliyetoweka zamani lawama yote ni kuwasamehe wengine wote.

Kasoro ya pili ni ya noti zenyewe. Zimeandikwa kwa mistari mitano, na mtoto asiyeweza kuisoma anairuka. Kitabu kinachosifu muziki wa kupokezana kwa masikio kinamfungia nje mtoto mwenye masikio tu.

5.0 Funzo kwa sera zetu
Tatizo hili si geni kwetu. Ngano zetu zina nyimbo ambazo hadhira huitikia. Tenzi zetu zilitungwa zighaniwe kwa mahadhi. Zinapochapishwa, maneno hubaki na mahadhi huachwa. Katika mazingira ambamo bibi angali anasimulia, hasara hiyo hufidiwa. Lakini Kiswahili sasa kinafundishwa kwa watoto wengi ambao hawakukikuta nyumbani. Rwanda, kwa mfano, ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mtoto anayekutana na Kiswahili kwanza kwenye ukurasa akipewa kitabu kisicho na sauti, ataijua lugha isiyoimbwa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vigezo vya kuidhinisha vitabu vya watoto vitambue wimbo kuwa sehemu ya matini, usiondolewe ili kupunguza kurasa. Pili, noti zitolewe pia kwa sol-fa, ambayo kwaya nyingi za makanisa na shule za ukanda huu tayari zinaisoma. Tatu, mkataba wa tafsiri utenge malipo ya kurekodi sauti, kama unavyotenga malipo ya mchoraji.

6.0 Hitimisho
The New Policeman inastahili kutafsiriwa, pamoja na kasoro zake, kwa sababu inamwonyesha mtoto kwamba wimbo ni urithi unaoweza kunyang'anywa. Kasisi aliichukua filimbi akiamini anawaokoa watu. Mhariri anayefuta noti ili kupunguza gharama naye ana sababu yake njema. Matokeo kwa msomaji mdogo ni yaleyale.