Pongezi kwa mafundi wa kaseti

Kabla simu haijabeba nyimbo, mkazi wa Upanga, Dar es Salaam, aliyetaka taarabu ya kina mama pekee kwenye kaseti moja alikuwa na njia mbili: avizie redio, kidole juu ya kitufe, au aende Kariakoo na orodha yake mkononi. Fundi hodari hakunakili tu. Alijua upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni dakika 30, na taarabu haina haraka. Wimbo ukikatika katikati ya kiitikio, mteja harudi kimya.

Alijua kupanga pia. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, huimba ndani ya mikwaruzo ya santuri. Ukimfuatishia papo hapo kinanda cha taarabu ya kisasa umemzika. Katikati aliingia Bi Kidude, au Shakila aliyeng'ara Tanga na kundi la Black Star. Halafu Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano, mahasimu wa miaka ya 1990: huyu upande A, yule upande B, wamalizane humo humo. Nausifu ubunifu huo, ingawa nakala hizo hazikuwalipa waimbaji.

Mwisho fundi alivunja vijino vya juu ya kaseti, mtoto asije akarekodi juu yake.

Kama droo yako ina kaseti ya namna hiyo, ihamishie kwenye kompyuta sasa. Joto na unyevu wa Dar es Salaam havisubiri.