Beringi ya Tatu

Pampu ilikuwa ya maji ya kupoozea, mota yake ya kilowati 15, na beringi ya upande wa kapulingi ilikuwa imekufa kwa mara ya tatu ndani ya miezi minne. Kiwanda sikitaji. Kijana aliyeibadilisha mara zote tatu alikuwa na cheti, na kazi yake niliishuhudia: alifunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, akapima kuhakikisha umeme umekatika kweli, akaivuta beringi mbovu kwa pula badala ya kuigonga nyundo, akaipasha mpya kwenye hita, akaivalisha shaftini bila kuilazimisha. Kila alichofundishwa alikifanya. Hakuwahi kufundishwa kujiuliza kwa nini amerudi pale pale.

Tulilegeza bolti za miguu ya mota, moja baada ya nyingine, geji ya saa ikiwa imesimamishwa juu ya mguu. Mguu wa tatu ulipolegezwa, sindano ilizunguka ikasimama karibu milimita 0.3. Kiwango ambacho mafundi wengi hukishika ni 0.05. Mota ilikuwa haijakaa sawa juu ya kitako chake. Kila bolti zilipokazwa fremu ilijipinda, shafti ikatoka kwenye mstari, na beringi ikabebeshwa mzigo usio wake. Beringi ya gololi haina huruma katika hesabu hiyo: uhai wake hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo, kwa hiyo ukiuongeza mzigo mara mbili unabakiwa na moja ya nane ya uhai. Tuliweka vipande viwili vya bati jembamba la shimu chini ya mguu ule, tukapanga upya shafti mbili, tukawasha. Beringi tatu zilikuwa zimekufa kwa sababu ya upenyo ambao kadi nene ya mwaliko ingeuziba.

Mafunzo ya fundi wa matengenezo yana nusu mbili. Ya kwanza ni kuifanya kazi inayojulikana: kufungua, kubadilisha, kurekebisha, kufunga. Ya pili ni kugundua kazi inayotakiwa ni ipi. Nusu ya kwanza ilipatiwa njia zaidi ya miaka 80 iliyopita, na njia hiyo iliandikwa wazi. Ya pili tumeiachia bahati, tukiamini kijana ataiokota akiwa kazini. Nazieleza zote mbili kwa sababu naamini ya pili nayo inafundishika, na njia ya kuifundisha haihitaji fedha nyingi.

Mwaka 1940 Marekani ilikuwa inajiandaa kwa vita na viwanda vyake vilihitaji mafundi haraka kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa. Agosti ya mwaka huo ilianzishwa huduma ya mafunzo ndani ya viwanda, ikajulikana kwa herufi TWI, mkuu wake akiwa Channing Dooley na msaidizi wake Walter Dietz. Moja ya shida za mwanzo kabisa walizoletewa ilikuwa uhaba wa wasaga lenzi. Wenye kazi waliwaambia kwamba msaga lenzi hukomaa kwa miaka mitano. Badala ya kubishana nao, watu wa TWI walikwenda kuitazama kazi yenyewe. Waliigawa vipande, wakatenga vile ambavyo mtu mgeni anaweza kukabidhiwa tangu wiki ya kwanza, na katika vile vigumu wakatafuta jambo lile moja ambalo bingwa hulifanya na ambalo likikosewa lenzi inaharibika. Wakaliita nukta muhimu. Muda wa kujifunza ukashuka kutoka miaka hadi miezi.

Msingi wa njia yao uliwekwa na Charles Allen, aliyepewa kazi ya kufundisha waunda meli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuandika kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1919. TWI waliuchukua, wakaupunguza hadi ukaingia kwenye kadi ya mfukoni: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, mfuatilie. Msimamizi wa kiwanda alijifunza kufundisha kwa saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili, katika kundi la watu 10. Huduma ilipofungwa mwaka 1945 ilikuwa imewapitisha zaidi ya watu milioni 1.6 katika viwanda zaidi ya 16,000.

Katika vikao hivyo kulikuwa na onyesho la fundo la waya. Ni fundo la mafundi umeme, linalopigwa kwa nyaya mbili za taa ndani ya soketi ili mtu akiuvuta waya, mvuto ubaki kwenye fundo na usifike kwenye skrubu. Mwalimu anamwita mtu wa kwanza na kumweleza fundo kwa maneno matupu. Mtu anashindwa. Anamwita wa pili, anampigia fundo mbele ya macho yake bila kusema neno. Naye anashindwa. Wa tatu anamweka upande wake ili wautazame waya kwa pembe moja, anampitisha hatua kwa hatua, anamtajia nukta muhimu ya kila hatua na sababu yake, kisha anamkabidhi waya na kumtaka afanye huku akieleza. Huyo anaweza. Nimelirudia onyesho hilo kwa waya wa kawaida wa dukani mbele ya walimu wa karakana wenye miaka 20 kazini, na kila mara ukumbi hunyamaza, kwa sababu kila mmoja anajitambua katika namna ya kwanza au ya pili ya kufundisha.

Ukiichukua njia hiyo ukaiweka kwenye beringi, karatasi ya mwalimu haizidi ukurasa mmoja. Hatua: ivalishe beringi kwenye shafti. Nukta muhimu: sukuma pete ya ndani. Sababu: ukisukuma ya nje, nguvu inapita katikati ya gololi na kuacha vijishimo kwenye njia yake, na beringi mpya inakuwa mbovu kabla haijazunguka hata mara moja. Hatua: ipashe moto. Nukta muhimu: joto lisizidi nyuzi 120. Sababu: chuma kinaweza kupoteza ugumu wake. Hatua: tia grisi. Nukta muhimu: jaza theluthi moja hadi nusu ya nafasi, usishindilie. Sababu: grisi iliyozidi inakorogwa, inachemka, inavuja. Hili la mwisho ndilo lenye kuua beringi nyingi mikononi mwa watu wema, kwa kuwa kumwagia mashine grisi tele kunaonekana kama kuipenda. Mwanafunzi aliyeambiwa sababu hakosei hata akipewa beringi ya aina ambayo hajawahi kuiona. Aliyekaririshwa hatua peke yake hukwama mashine inapobadilika.

Lakini kijana wa pampu yetu alikuwa na haya yote. Njia ya TWI inadai kazi iwe imekwisha kutajwa, na mashine ikisimama saa nane usiku hakuna anayejua kazi ni ipi. Hapo ndipo mitaala mingi inapoishiwa pumzi.

Chukua mfano wa mkanda wa kubebea mizigo usiotaka kuwaka. Umeme wa kuamuru unapita kwenye mnyororo wa sehemu 16: vitufe vya dharura, swichi za milango, rilei ya kuzuia mota kuzidiwa, na kadhalika. Moja imekatika. Fundi mwenye mita mkononi akianza mwanzo na kupima moja baada ya nyingine anaweza kufika kipimo cha 15 ndipo aipate. Akianza katikati, anajua mara moja hitilafu iko mbele au nyuma. Anaigawa tena nusu iliyobaki, na tena. Kipimo cha nne kinamfikisha. Hesabu hii mtoto wa darasa la saba anaielewa, ila nimewaona mafundi wenye vyeti wakihangaika na mnyororo wa namna hii asubuhi nzima kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwakalisha chini na kuwaonyesha.

Nisiitukuze hesabu kupita kiasi. Mwaka 1974, Jens Rasmussen na Aage Jensen wa Denmark walichapisha uchunguzi wa mafundi wa elektroniki wakiwa kazini kweli, wakitafuta hitilafu huku wakisema kwa sauti wanachowaza. Waliona kuwa mafundi hawa hupendelea vipimo vingi vyepesi vya haraka kuliko vichache vinavyodai kuwaza sana, na kwamba kwa mtu anayetaka tu mashine irudi kazini, huo ni uamuzi wa busara. Somo ninalolichukua hapo ni hili: mfundishe kijana kuanza na macho, pua, sikio na kiganja, amuulize mwendeshaji mashine ilifanya nini kabla ya kusimama, na kukata katikati kuwe silaha yake pale njia nyepesi zinapokwisha.

Sasa, stadi hii inafundishwaje? Kwa kupanda hitilafu. Mwalimu anachukua paneli ya karakana inayofanya kazi, na kabla wanafunzi hawajaingia anaipaka kontakti moja ya rilei rangi ya kucha isiyo na rangi. Ikikauka, umeme haupiti na jicho halioni kitu. Kesho yake analegeza waya ndani ya terminali huku skrubu ikionekana imekazwa. Siku nyingine anaweka fyuzi iliyoungua ndani ya kishikio kipya. Kila hitilafu ina kadi yake: dalili ni nini, chanzo ni nini, muda gani unatosha. Mwanafunzi anapewa dalili peke yake, kama mwendeshaji angemwambia, na sharti moja kubwa: kabla ya kugusa mita, andika unachodhani na kwa nini; baada ya kupima, andika kipimo kimekuambia nini. Kubadilisha spea bila ushahidi kunapunguza alama hata kama mashine imewaka.

Sharti hilo la kuandika ndilo moyo wa zoezi. Nililisimamia kwa kundi la vijana 12 kwa wiki sita. Wiki ya kwanza karatasi zao zilikuwa na mstari mmoja: nilijaribu, ikawaka. Wiki ya sita msichana mmoja aliandika kwamba kipimo chake kimekanusha alichodhani, akachora mstari juu ya dhana yake, akaanza upya kutoka nusu nyingine. Alitumia dakika 18. Nilimwambia hapo hapo kwamba amekuwa fundi. Kalamu, kadi na chupa ya rangi ya kucha ndivyo vilivyokuwa vifaa vya ziada vya kozi ile.

Wajapani waliongeza jambo ambalo vyuo havipaswi kuliacha nje. Waliipokea TWI baada ya vita, na mwaka 1971 jina la Seiichi Nakajima na kampuni ya Nippondenso likafungamana na mfumo wa matengenezo unaomhusisha kila mtu kiwandani. Mwendeshaji wa mashine anasafisha, anatia mafuta, anakaza bolti, na katika kusafisha huko anakagua. Fundi wa matengenezo anakuwa mwalimu wake. Hii ina maana kwamba kijana anayemaliza chuo anahitaji kujua kufundisha, na zile hatua nne za kadi ya TWI zingepaswa kuwa somo lake yeye pia, zisiishie kwa mkufunzi.

Hapa Tanzania mlango upo. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, mafunzo hayo yamejengwa juu ya umahiri, yale ya uanagenzi yanamweka kijana chuoni na kiwandani kwa zamu, na upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa fundi aliyejifunza mtaani bila kupita darasani. Huyu wa mwisho ningependa atazamwe vizuri zaidi. Fundi wa gereji au wa mashine ya kusaga, aliyeishi miaka 15 bila spea wala michoro, mara nyingi nusu ya pili anayo tayari. Anaisikiliza mashine. Anachokosa ni zile nukta za nusu ya kwanza, joto la beringi na kiasi cha grisi, na kufuli la swichi kuu linaloweza kuokoa maisha yake. Mhitimu wa chuo ni kinyume chake. Kuwaketisha wawili hao mbele ya paneli moja yenye hitilafu iliyopandwa ni darasa ambalo sijaona lingine linalolishinda.

Mitihani ya vitendo ndiyo itakayoamua, maana mwanafunzi husomea anachoulizwa. Mingi niliyoishuhudia humkabidhi mtahiniwa kazi yenye jina: badilisha hiki, unganisha kile. Ningetaka angalau nusu ya alama itoke kwenye mashine iliyosimama na karatasi tupu.

Na kwa mameneja wa matengenezo nina ombi moja. Beringi zenu zilizokufa msizitupe kwenye chuma chakavu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15243 kinapanga uharibifu wa beringi katika aina sita, kuanzia uchovu wa chuma hadi kuchomwa na umeme, na kila moja huacha alama inayosomeka kwa jicho na kioo cha kukuzia. Chuo hakiwezi kuzinunua alama hizo dukani. Ifungeni kila beringi kwenye mfuko, andikeni ilitoka mashine gani, ilidumu muda gani, na nini kiligunduliwa, kisha ipelekeni kwenye karakana ya chuo kilicho karibu nanyi. Zile tatu za pampu yetu ziko mezani kwa mwalimu mmoja hivi sasa, zimekatwa nusu, na wanafunzi wanazipokezana.