Kuku na Vifaranga: Hoja ya Nguvu na Ukaidi katika Kisakale cha Mekatilili wa Menza

Utangulizi

Kaskazini mwa mlango wa mto Sabaki, mahali maji mekundu ya bara yanapoingia baharini, upo mji wa Mambrui. Nyuma ya mji huo, kuelekea Magarini na Bungale, ndiko kwenye ardhi ambayo serikali ya Kiingereza ilijaribu kuwahamisha Wagiriama kwa nguvu mwaka 1914, na huko Bungale ndiko lilipo kaburi la Mekatilili wa Menza. Katika eneo hili lote, kuanzia Malindi hadi Ganze, hakuna simulizi inayojulikana zaidi ya ile ya Mekatilili, afisa Arthur Champion, na kuku mwenye vifaranga.

Muhtasari wa kisa ni huu. Afisa ameitisha baraza akitaka vijana wa Kigiriama watolewe kwenda kufanya kazi na kupigana. Mekatilili anajitokeza na kuku na vifaranga vyake. Anamwambia afisa achukue kifaranga kimoja. Afisa anapoinyosha mkono, kuku anamdonoa. Mekatilili anasema kwamba hayo ndiyo atakayoyapata yeyote atakayejaribu kuchukua wana wa Wagiriama. Afisa, kwa hasira au kwa kutaka kuwatia watu hofu, anampiga kuku risasi.

Makala haya yanadhamiria kukihakiki kisa hiki si kama kielelezo cha ushujaa tu, kama inavyofanywa mara nyingi, bali kama hoja. Inadaiwa hapa kwamba kisa cha kuku ni mjadala uliokamilika juu ya swali ambalo jamii za Afrika Mashariki zinaendelea kulibishania hadi leo: mwenye dola anapomtia mtu nguvuni, na mtu huyo akakataa, nani aliyeanzisha vita? Inadaiwa vilevile kwamba baadhi ya matoleo yanayopendwa zaidi siku hizi yanaidhoofisha hoja hiyo badala ya kuitia nguvu.

Kisakale na mapisi

Katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi (1989), M. M. Mulokozi anatenga kisakale na mapisi ndani ya kundi la masimulizi ya kisalua. Tofauti hiyo inafaa hapa. Mapisi ya Mekatilili yanafahamika kwa kiasi kikubwa, hasa kutokana na kazi ya Cynthia Brantley (1981). Champion alikuwa Afisa Msaidizi wa Wilaya, na kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kupata vibarua kwa ajili ya mashamba ya pwani. Mwaka 1913 Mekatilili aliwakusanya watu, akiitumia ngoma ya kifudu kuwavuta, na katika Kaya Fungo wanawake na wanaume wakala viapo vya kutoshirikiana na serikali. Tarehe 17 Oktoba 1913 yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, kisha wakapelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya. Walitoroka, wakarudi kwao, wakakamatwa tena mwaka 1914. Agosti mwaka huo kaya ililipuliwa kwa baruti, na vita vikazuka. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, nyumba zikachomwa moto, mbuzi wakachukuliwa, na kabila zima likatozwa faini ya rupia 100,000.

Kisakale hakishindani na mapisi haya kwa usahihi wa tarehe. Ebrahim Hussein alilieleza jambo hili vizuri alipowatahadharisha wasomaji wa Kinjeketile (1969) kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu ijapokuwa anafanana na Kinjeketile wa historia. Kuuliza kama kuku yule aliwahi kuwapo ni kuuliza swali la mwanahistoria. Swali la mhakiki ni jingine: kwa nini jamii, ikiwa na viapo, kaya iliyolipuliwa na maiti 150, ikachagua kuku?

Muundo wa tukio

Tukio limejengwa kwa vitendo vitatu: mwaliko, mdono na risasi. Mpangilio huu ndio unaobeba hoja.

Mwaliko kwanza. Mekatilili hamkatazi afisa kuchukua kifaranga; anamkaribisha achukue. Kwa njia hiyo anamwondolea kisingizio cha kwamba alizuiwa na watu. Anayemkabili afisa si mshitakiwa wala mchochezi bali ni mama anayetenda kwa silika. Hapa fanani anaegemea maarifa ambayo kila mwanahadhira anayo uani kwake: kuku ni mnyama mwoga kuliko wote, hufukuzwa hata na mtoto, lakini akiwa na vifaranga humkabili hata mwewe. Methali husema kuku havunji yai lake. Kisakale kinaongeza kwamba wala hamwachii mwingine alivunje. Jina la mhusika mkuu nalo linaingia katika mchezo huu. Alizaliwa akaitwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili ni mama wa Katilili. Hadhira inapomtaja tu imekwisha kumtaja kuku.

Mdono ni kitendo cha pili, na uzito wake umo katika udogo wake. Mdomo wa kuku hauui mtu, humuumiza kidole. Ni nguvu, lakini ni nguvu inayolingana na jambo lenyewe: inakusudia kuuondoa mkono, si kumwangamiza mwenye mkono. Laiti fanani angetaka kusifu vita tu, angemtumia chui au nyoka, na afisa angeondoka na jeraha la kufa. Hakufanya hivyo. Alichagua ukaidi mdogo kabisa unaowezekana, ili kitakachofuata kipimwe kwa kipimo hicho.

Kinachofuata ni risasi. Bunduki inajibu mdono. Papo hapo hadhira inatambua kwamba ukubwa wa nguvu iliyotumika haukutokana na ukubwa wa ukaidi, bali umetokana na aibu ya aliyekaidiwa mbele ya watu. Hii ndiyo hukumu ya kisakale, na imetolewa bila fanani kutamka neno la kulaumu. Vilevile, risasi haikumpatia afisa kifaranga. Vifaranga vimetawanyika, mama amekufa, na baraza limevunjika. Nguvu imeshinda kila kitu isipokuwa lile jambo lililoifanya itumike.

Suala la kofi

Katika matoleo mengine kinaongezwa kitendo cha nne: Mekatilili anamzaba Champion kofi, na askari wanaufyatulia umati risasi. Toleo hili limeenea sana. Wanaolipenda wana hoja ambazo hazistahili kupuuzwa. Kwanza, kofi linamtoa mwanamke katika hali ya kuzungumza kwa mafumbo na kumweka katika hali ya kutenda. Pili, katika jamii ambamo mzungu hakuguswa, kofi la bibi mzee linaupindua mpangilio mzima wa mamlaka kwa sekunde moja. Tatu, hadhira hulifurahia, na fasihi simulizi haiishi bila furaha ya hadhira.

Hata hivyo, kofi lina gharama yake katika fani na katika maudhui. Kifani, linamnyang'anya kuku kazi yake. Istiara iliyokuwa imeyabeba mashindano yote inageuka kuwa utangulizi tu wa ugomvi wa watu wawili. Kimaudhui, linabadilisha swali. Katika toleo la kuku swali ni: umechukua kwa haki gani? Katika toleo la kofi swali linakuwa: nani alimpiga mwenzake kwanza? Hili la pili ndilo swali ambalo kila dola hulipenda, kwa kuwa jibu lake hupatikana kwa kuyatazama matukio kuanzia sekunde ile mtu alipoinua mkono, na si kuanzia siku ile mtoto wake alipotakiwa. Kofi linampa afisa kile ambacho mdono ulimnyima: kisingizio.

Isidhaniwe kwamba mhakiki ana haki ya kuwaamuru mafanani wafute kofi. Jan Vansina (1985) ameonyesha kwamba simulizi hubeba alama za nyakati zinaposimuliwa. Kofi linaelekea kuwa alama ya enzi ya mashujaa wa taifa, ya sanamu na bustani ya Mekatilili mjini Malindi, ambapo shujaa anatakiwa aonekane akitenda kwa mwili wake. Neil Carrier na Celia Nyamweru (2016) wameuchunguza kwa kina mchakato huu wa kumfanya Mekatilili shujaa wa Kenya nzima. Inachosisitizwa hapa ni kwamba mchakato huo si wa kuongeza sifa tu, unapunguza pia.

Kisa mbele ya hadhira ya Mambrui

Kisakale hiki husomwa kwa kawaida kana kwamba kina pande mbili tu, Mgiriama na Mwingereza. Kikiwekwa mbele ya hadhira ya Mambrui, usomaji huo haukidhi. Katika karne ya 19 Malindi na Mambrui ilikuwa miji ya mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, na Wagiriama walikuwa majirani waliouza nafaka yao katika masoko hayohayo. Masimulizi ya maisha ya Mekatilili yanamtaja ndugu yake, Mwarandu, aliyetekwa na wafanyabiashara wa watumwa asionekane tena. Maana yake ni kwamba kifaranga cha kwanza kilikwisha kunyakuliwa kabla Champion hajafika, na mwewe yule hakutoka Ulaya moja kwa moja.

Kwa hiyo mkono unaonyoshwa barazani una historia ndefu kuliko ukoloni wa Kiingereza. Hata vibarua waliotakiwa mwaka 1913 walitakiwa, kwa sehemu, kwa ajili ya mashamba ya pwani yaliyopungukiwa na mikono baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1907. Msikilizaji wa Mambrui, akiwa mwaminifu, hawezi kukaa upande wa kuku bila kwanza kujiuliza babu zake walikaa upande gani wa uwanja. Usomaji unaoliepuka swali hili unakifanya kisakale kuwa cha kujipongeza, hali kilitungwa kuwa cha kuonya.

Kimya cha Agosti 1914

Liko jambo moja ambalo kisakale hakilisemi. Kwa mujibu wa maelezo ya kihistoria, cheche ya vita vya Agosti 1914 haikuwa kuku wala kofi. Polisi walikuwa wametumwa vijijini kutafuta wapagazi, na polisi mmoja akamnajisi mwanamke wa Kigiriama. Watu wakamuua polisi huyo. Kutoka hapo serikali ikasema Wagiriama wameasi.

Mwanamke huyo hana jina katika simulizi maarufu, wala hana siku ya kumbukumbu. Kimya hiki kinaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Yamkini ni stara: jamii imemfunika mwanawe kwa kutomsimulia. Lakini pia huenda ni upungufu wa utanzu wenyewe, kwani kisakale kinamhitaji shujaa anayechagua pambano lake, na yeye hakuchagua. Makala haya yanaelekea kuziona fasiri zote mbili kuwa na ukweli, na yanapendekeza kwamba kuku aliyepigwa risasi asomwe kama mahali ambapo simulizi imemweka mwanamke huyo bila kumtaja. Mwili usio na silaha, ulioingiliwa na mwenye dola, na ambao utetezi wake ukaitwa uasi: hayo yote yamo katika mwili wa kuku. Kofi, linapompokonya kuku nafasi yake, linampokonya mwanamke huyo pia nafasi pekee aliyokuwa amepewa.

Hitimisho

Umuhimu wa uhakiki huu haukomei kwenye mwaka 1914. Nchini Kenya, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu ikitumika ilingane na lengo, na kosa, na ukaidi wa anayekamatwa. Wasimuliaji wa kuku walikuwa na kanuni hiyo ya ulinganifu muda mrefu kabla haijaandikwa bungeni. Hata hivyo mabishano ya umma yameendelea kusimama juu ya kitendo cha nne. Mtu anapofia mikononi mwa polisi, simulizi mbili huanza kushindana siku hiyohiyo, na ile ya kwanza mara nyingi humfanya marehemu kuwa mtendaji wa kifo chake. Juni 2025, Albert Ojwang alipofariki akiwa kizuizini Nairobi, polisi walisema amejigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa madaktari wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyoafikiana na maelezo hayo. Ubishi ulikuwa, pamoja na mengine, ubishi wa kisarufi: nani mtenda, nani mtendwa.

Fasihi simulizi ya pwani ina la kusema katika ubishi huo, mradi isipunguzwe kuwa orodha ya mashujaa. Utafiti zaidi unahitajika, hasa wa kurekodi matoleo ya kisa hiki kutoka kwa mafanani wa Magarini na Mambrui kwa pamoja, ili ionekane ni nani husimulia kofi, ni nani humwachia kuku, na ni nani hunyamaza afikapo kwa ndugu aliyetekwa. Kabla ya hapo, mwalimu anayekifundisha kisa hiki anaweza kuanza na zoezi dogo: awaulize wanafunzi wake kisa kinaanzia wapi. Watakaosema kinaanzia kwenye mdono, awarudishe nyuma hatua moja, kwenye mkono ulionyoshwa.