Zilipendwa na Magitaa ya Wazee: Uhakiki wa Shikamoo Jazz

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili umeelekea mno kwenye maneno. Beti hunukuliwa, mafumbo yakafumbuliwa na dhamira zikaorodheshwa, kana kwamba wimbo wa dansi ni shairi lililokosa bahati ya kuchapishwa. Gitaa husahauliwa. Upungufu huu hujitokeza waziwazi pale wapigaji waliotengana kwa miaka mingi wanapokutana tena na kuushika upya muziki wa ujana wao. Mfano mzuri katika Afrika Mashariki ni Shikamoo Jazz, bendi iliyoundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la HelpAge, ikawakusanya wakongwe waliokuwa wamezitumikia bendi mbalimbali. Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, mpiga gitaa aliyevuma na Kiko Kids ya Tabora. Mwaka 1995 bendi hiyo ilizuru Uingereza pamoja na Bi Kidude wa Unguja.

Jina lenyewe lataka kutazamwa. Bendi za kale zilijitambulisha kwa mahali: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, na Western Jazz, ambayo jina lake laelekeza kwenye jimbo la magharibi. (Neno "jazz" humo halikudai udugu wa karibu na muziki wa Wamarekani weusi, lilimaanisha bendi ya dansi, basi.) Shikamoo Jazz imeondoa mahali ikaweka umri. Tena shikamoo ni nusu tu ya mazungumzo: hutamkwa na mdogo, naye mkubwa huitikia marahaba. Bendi ya wazee haiwezi kuwaamkia vijana shikamoo bila kuipindua adabu. Kwa hiyo jina hili humtia msikilizaji maneno kinywani. Kila alitajaye amekwisha kuamkia. Ubunifu huo unapendeza, lakini una hatari yake, kwani aliyekwisha kuamkia huona haya kukosoa.

Hatari hiyo huzidishwa na neno zilipendwa, ambalo ndilo chungu wanamotiwa wazee wote wa dansi. Kisarufi neno hili ni la ajabu. Lingetarajiwa kuwa zilizopendwa, yaani nyimbo ambazo zilipata kupendwa. Lakini kirejeshi kimeangushwa, na kilichobaki ni sentensi kamili iliyofanywa nomino. Mtendaji hatajwi: zilipendwa na nani? Kiambishi cha wakati nacho, japo peke yake hakisemi kwamba mapenzi yamekoma, katika matumizi ya kila siku husikika kama hukumu. Ukumbi ukijaa watu wanaocheza, pengine waliozaliwa baada ya nyimbo hizo kutungwa, bado tendo la kupenda hupelekwa wakati uliopita. Heshima kwa upande mmoja, na sarufi kwa upande wa pili, humwondolea mwanamuziki haki ya kusikilizwa kama msanii anayefanya kazi usiku huo huo.

Kinachofanyika usiku huo hakiko katika maneno. Muziki wa dansi wa Tanzania hujengwa juu ya magitaa yanayosemezana: gitaa la solo, solo la pili, ridhimu na besi. Sehemu ya ridhimu ikipigwa peke yake ni jibu lisilo na swali. Hasa katika chemko, pale wimbo unapoacha mwendo wa taratibu wa beti na kushika kasi, hakuna gitaa hata moja linaloubeba wimbo mzima. Kila mpigaji huacha nafasi ambayo mwenziwe aijua. Ndiyo sababu mpiga gitaa aliyekaa nyumbani miaka mingi hawezi kuukumbuka wimbo wote, hata angekuwa hodari namna gani. Wimbo umegawanywa katika kumbukumbu za watu kadhaa, kama malumbano ya washairi ambayo hayawezi kukaririwa na mmoja pasipo kuyadhoofisha. Kukutana tena kwa wazee hao, basi, si hisani tu wala si kujiliwaza kwa mambo ya zamani. Bila ya kukutana, matini haipo.

Tena palikuwa na kizuizi kizito kuliko usahaulifu. Mpigaji wa bendi za kale aghalabu hakuwa na gitaa lake mwenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, ya klabu, au ya taasisi iliyoajiri wanamuziki, kama chama cha wafanyakazi cha NUTA kilivyofanya kwa NUTA Jazz tangu 1964. Aliyetoka katika bendi alitoka mikono mitupu. Sauti yake ilibaki katika kanda za redio, na watu wakaendelea kuisikia bila ya yeye kuweza kuitoa tena. Vyombo walivyopewa Shikamoo Jazz vilikuwa na maana hiyo, na mhakiki anayeliona jambo hilo kuwa sadaka tu hajaielewa historia ya kazi ya muziki.

Kanda hizo za redio, hata hivyo, zimekuwa kipimo kisicho cha haki. Msikilizaji aliyezoea wimbo jinsi ulivyorekodiwa humlaumu mzee akibadili mdundo au akirefusha solo, ilhali ukumbini wimbo ulibadilika tangu mwanzo. Redio ilinasa usiku mmoja tu. Mhakiki aulize kama magitaa bado yanajibizana au yanafuatana tu. Yakifuatana, isemwe wazi, shikamoo au si shikamoo.

Huko Nairobi mambo yalikwenda kinyume. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na ndugu Wilson Peter na George Kinyonga wa Simba Wanyika wakafariki katika miaka ya 1990. Mwalimu anayesomesha "Sina Makosa" ya Les Wanyika hueleza lalamiko la msemaji wa wimbo. Ridhimu ya Omar Shaban, inayomjibu msemaji huyo tangu mwanzo hadi mwisho, bado inangoja kuandikiwa uchambuzi wake.