Baada ya Picha Kuzimwa: Istilahi za Bustani katika Vipindi vya Televisheni

Makala haya yanahusu lugha ya vipindi vya televisheni vinavyofundisha kilimo cha bustani, na jinsi lugha hiyo inavyopokewa na watazamaji wa Kikuyu, mjini Dodoma, wakati wa kiangazi. Kikuyu tunayoikusudia si watu wa Kenya wenye jina hilo, bali ni kata mbili za mji wetu, Kaskazini na Kusini, palipo na Chuo Kikuu cha St. John's katika viwanja vya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Tumepachagua kwa sababu mahali hapa kosa la istilahi lina gharama. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu. Tangu Mei hadi Novemba mwenye bustani hutegemea maji ya bomba, ambayo huja kwa mgao, au maji ya kununua kwa ndoo. Neno lisiloeleweka humwaga maji hayo bure.

Ualimu wa kilimo kwa njia ya utangazaji si jambo geni nchini. Wengi wetu tulikua tukisikia kipindi cha "Mkulima wa Kisasa" cha Radio Tanzania. Televisheni ilitangulia Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970, ikaja Bara mwaka 1994, na vipindi vya kilimo vikafuata. Kilichojulikana zaidi ni "Shamba Shape Up", kilichoanza Kenya mwaka 2012 na kuonyeshwa pia Tanzania na Uganda. Katika kipindi hicho watangazaji humtembelea mkulima mdogo, wakatazama shida zake, wakashirikiana naye kurekebisha banda, mifereji na matuta. Hatuna budi kukisifu kwa kumweka mkulima wa kawaida mbele ya kamera. Hata hivyo jina lake, lenye neno moja la Kiswahili na mawili ya Kiingereza, linadokeza ugonjwa tunaotaka kuueleza.

Ugonjwa wenyewe ni huu: picha huifanya lugha kuwa mvivu. Mtangazaji wa redio hawezi kuonyesha kitu. Hana budi kukitaja. Mtangazaji wa televisheni anaweza kusema, "Unachukua hii, unaiweka hapa, unafanya namna hii," na mtazamaji akaelewa kabisa. Lakini kesho yake, watazamaji wanapokutana bombani wakisubiri zamu ya ndoo na kuanza kukijadili kipindi, picha haipo tena. Hapo ndipo inapodhihirika kama walipewa maneno au walipewa mikono tu. Kwa maoni yetu, kipimo cha kweli cha istilahi za kipindi ni mazungumzo ya watazamaji baada ya televisheni kuzimwa. Tukivipima hivyo, vipindi vingi vina kasoro za aina tatu.

Kwanza, majina ya misimu. Maneno "masika" na "vuli" yametoka pwani, ambako mwaka hufuata pepo za kusi na kaskazi. Yanafaa pia nyanda za kaskazini na sehemu kubwa ya Kenya, ambako mvua huja mara mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huyatenga vizuri: vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na kwa mikoa ya mvua moja, Dodoma ikiwamo, husema "mvua za msimu", Novemba hadi Aprili. Vipindi vya bustani havina uangalifu huo. Mtazamaji wa Kikuyu anayeambiwa asubiri mwanzo wa masika ndipo ahamishe miche, akilitii agizo hilo kwa kalenda ya mtangazaji, atahamisha miche mwezi Machi, mvua zake zikiwa karibu kukoma. Tena akisikia kwamba Februari ni kiangazi, atastaajabu, kwa kuwa Februari yeye anapalilia. Tumewasikia watazamaji wakihitimisha kwamba "hawa ni watu wa mvua nyingi, mambo yao hayatufai." Mafunzo mema yametupwa kwa sababu ya neno la msimu. Dawa yake ni nyepesi: mtangazaji ataje mwezi na mahali, au aseme "mvua zinapoanza kwenu".

Pili, maneno yenye maana mbili zinazogongana. Mfano mzito ni "kunyunyiza". Nchini Kenya "unyunyizaji" hutumika mara nyingi kwa maana ya kupeleka maji shambani. Kwetu kazi hiyo ni "umwagiliaji", na ndiyo maana tuna Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Anayenyunyizia mimea aghalabu ananyunyizia dawa. Kipindi kinaposema "nyunyizia mchicha wako asubuhi na jioni", mtazamaji aliyegeuza uso kumtazama mtoto hana njia ya kujua kama ni maji au ni sumu. Watu wa Kikuyu wamekwisha jitatulia jambo hili katika mazungumzo yao: maji "humwagilia", dawa "hupiga" au "hupulizia". Utengano huo ni safi kuliko ule wa vipindi, na unastahili kuwekwa katika orodha zetu kama ulivyo.

Neno "tuta" nalo lina tatizo la namna hiyo. Maana yake iliyozoeleka ni udongo ulioinuliwa. Katika nchi kavu, tuta la kuinuka hukauka upesi, na kinachofaa ni kitanda cha mboga kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi ili maji yatulie humo. Vitabu vya bustani hukiita "tuta mbonyeo". Ni neno lenye mantiki mezani, lakini kwa mkulima tuta lililobonyea ni kama mlima ulio bondeni. Watazamaji waliokiona kwenye televisheni walibishana kama kiitwe "shimo" au "jaruba", na mmoja akatoa hoja kwamba jaruba ni la mpunga. Hoja yake ni ya kisomi hasa, ingawa haikutolewa na msomi. Sisi tunaona "jaruba la mboga" lina nguvu zaidi, kwani jaruba linakumbukwa kwa kuzuia maji, na hiyo ndiyo kazi inayotakiwa.

Tatu, tafsiri za neno kwa neno. "Bustani ya jikoni" ni Kiingereza kilichovaa kanga. Mtazamaji huuliza, na ana haki, mchicha unaotaje jikoni. "Bustani ya nyumbani" limeenea katika mafunzo ya lishe na halihitaji kuelezwa. Kuhusu nyumba ya kuoteshea mimea, Kenya wanalo "kivungulio", nasi tunalo "kitalu nyumba". Mitaani watu husema "grinihausi". "Kitalu nyumba" limefuata utaratibu wa lugha yetu, lakini "kitalu" limebebeshwa mzigo mkubwa: ni mahali pa miche, ni eneo la uwindaji, ni eneo la madini. Haishangazi kwamba neno la mkopo linapita mbele.

Isidhaniwe kwamba tunavikosoa vipindi huku tukilisahau Baraza. Palipo na pengo, mara nyingi pengo ni letu. Mwenye bustani wa Kikuyu humwagilia kwa maji aliyooshea vyombo na mboga. Orodha sanifu zinampa "majitaka", neno linalochanganya maji hayo na ya chooni, naye hawezi kulikubali kwa chakula chake. Yeye husema "maji ya vyombo", na kwa kuwa hatukumpa bora zaidi, tulisajili hilo.

Mifano ya mafanikio haiko mbali. "Matandazo" ni neno ambalo mtu akilisikia mara moja hulijenga mwenyewe kutoka "kutandaza", na hulisahau kwa shida. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 ulifupishwa HADO, nao ukajulikana kwa jina hilo kote Kondoa. Karibu zaidi na wakati wetu, njia ya kutunza machipukizi ya visiki ili miti irudi yenyewe imeenezwa vijijini Dodoma kwa jina la "Kisiki Hai", maneno mawili yanayoeleza kazi nzima. Na "fanya juu", matuta ya mteremkoni ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, limetoka kwa wakulima wa Kenya likaingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo duniani bila kutafsiriwa. Hakuna hata moja kati ya haya lililohitaji kamusi ili lishike. Yote yametaja tendo au umbo ambalo mkulima tayari analijua.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Watayarishaji wa vipindi wataje jina la kila kitu na kila tendo walau mara mbili, kana kwamba wako redioni. Vipindi vinavyovuka mipaka vitoe maneno ya pande zote mbili pale yanapotofautiana, hasa kuhusu maji, dawa na misimu. Na wakuza istilahi, kabla ya kuketi mezani kubuni, waende kwanza penye foleni ya ndoo siku ya pili ya kipindi, wakaandike yasemwayo. Mtu anayelipia kila ndoo ya maji hatumii neno lisilomfaa, na likimfaa yeye, litawafaa wengi walio na mvua nyingi kuliko yeye.