Bure ya Nani?

Wenzangu wa jarida hili wamenikasirikia. Heri niandike sababu zangu hapa kuliko kumweleza kila mmoja kijiweni.

Kuna mtu amejitokeza kutulipia uchapaji. Wewe msomaji utalipata jarida bure, na sisi tutaacha kuchangishana hela za karatasi. Anachotaka ni kimoja tu: jina la jarida liandikishwe kwake, pamoja na haki ya yote tuliyochapa tangu toleo la kwanza. Wenzangu wanasema, jamani, jina ni nini? Mimi nimegoma.

Niliishia kidato cha nne, sikusomea mambo haya. Lakini naandika riwaya, na katika kutafuta makala za uhakiki nimekutana sana na neno "huria". Makala za Swahili Forum, jarida la Ujerumani lililoanza 1994, nazisoma kwenye simu bila kulipa (ukiacha bando, ambalo hakuna anayelisemea). Za majarida mengine nikibofya tu nadaiwa dola. Basi nikadhani hukumu ni nyepesi: cha kusoma bure ni chema, cha kuuzwa ni kibaya. Mpaka nilipokutana na kisa cha Lingua.

Lingua ni jarida la isimu lililoanza 1949, na mmiliki wake ni kampuni ya Elsevier. Mwaka 2015 wahariri, wakiongozwa na Johan Rooryck, waliitaka kampuni ilifanye jarida lisomwe na kila mtu bila malipo, ada ya mwandishi isizidi yuro 400, na jina liwe mali ya wahariri. Kampuni ikakataa. Wahariri wote sita wakajiuzulu, na bodi yao ya watu 31 nayo ikaondoka. Mwaka uliofuata wakaanzisha jingine, Glossa.

Sasa angalia nani alibaki na nini. Makala za jarida kama lile huandikwa na wasomi wasiolipwa na kampuni, na hukaguliwa na wasomi wenzao, nao bila malipo. Watu hao ndio waliolipa jina heshima yake, na wakatoka mikono mitupu. Jina lilibaki kwa kampuni, likatafutiwa wahariri wapya, na kazi ikaendelea. Wanaisimu wakawa wanaliita jarida la msukule.

Halafu hiyo bure yenyewe. Nature ilipofungua mlango wa huria mwaka 2021, bei ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja, upande wa mwandishi. Msomaji hadaiwi, bili imehama tu, na mwenye jina anapokea vilevile. Lugha yetu ilikwisha kuonya: kuna kupewa bure na kuna kuhangaika bure.

Glossa ilianza na wachapishaji wa Ubiquity Press. Mwaka 2021 ikahamia Open Library of Humanities, ambako maktaba huchangia gharama na mwandishi hatozwi. Mwaka 2022 Ubiquity ikanunuliwa na De Gruyter. Glossa ilipohama, ilihama na jina lake. Hapo naomba wenzangu wasome mara mbili.

Najua mfadhili wetu si Elsevier, na huenda ana moyo safi. Jumamosi tunakutana. Akikubali kulipia karatasi na jina likabaki kwetu, nitakuwa wa kwanza kutia saini. Sura ya kwanza ya riwaya yangu ilitoka toleo la pili. Kwa mkataba ule, itabidi nimwombe yeye ruhusa ya kuitia kwenye kitabu changu mwenyewe.